Bahari Nyuma ya Milima ya Virginia

Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, mume wangu alikwenda kununua friji akarudi na ramani.

Kulikuwa na Mzungu mmoja Jumeirah aliyekuwa anahama Dubai, anauza vyombo vya nyumba. Mume wangu aliondoka asubuhi na pikapu ya kuazima na kamba za kufungia friji. Adhuhuri nikamwona anapanda ngazi za nyumba yetu ya Deira, amekumbatia fremu yenye kioo kilichopasuka kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Nikamuuliza friji iko wapi. Akasema, "Njoo utazame kwanza." Nikatazama. Niliona karatasi ya rangi ya chai ya maziwa, imechorwa miti, milima na samaki wakubwa wenye meno. Nikamwambia maziwa yangu hayawezi kulala juu ya samaki. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Kwa muda mrefu niliweka maziwa kwa jirani wa chini, na kila nilipoyafuata nilimsema yule Mzungu kimoyomoyo.

Ilikuwa ramani ya Virginia, ya zamani za Waingereza walipoanza kuhamia Amerika, kabla nchi ile haijawa nchi. Magharibi iliwekwa juu, mahali pa kaskazini. Aliyeichora hakuwahi kufika huko; alisikia kwa watu, na aliyoyasikia akayachanganya na aliyoyatamani. Kwa hiyo nyuma ya milima, mahali ambapo kwa kweli kuna bara zima, akachora bahari ya kwendea China, na akaandika kwamba mtu mwenye miguu mizima ataifikia kwa siku chache tu. Mume wangu aliipenda bahari ile ya uongo kuliko bahari ya kweli tuliyoishi kando yake. "Watu wameteketea wakiitafuta," aliniambia, kidole kikielea juu ya karatasi bila kuigusa. "Na waliorudi walisema ipo, ila milima ndiyo mirefu."

Toka siku ile nikawa na mke mwenza. Wanawake wengine huletewa wake wenza wenye miguu na midomo. Wangu akawa anakuja kwa posta, ameviringishwa ndani ya bomba la kadibodi. Mume wangu alikuwa mkaguzi wa makontena bandarini Jebel Ali. Akitoka kazini alipitia sanduku letu la posta, na mimi nilijua kwa mwendo wake ngazini kama leo ana bomba kwapani. Zikaja Carolina, Maryland, Pennsylvania, New England. Alisoma orodha za wauzaji wa London kama watu wanavyosoma magazeti, akaandikiana na wazee wa nchi za mbali, akitoa ramani mbili hafifu apate moja nzuri. Alikuwa na sharti lake moja: makoloni ya Amerika tu, na ya kabla ya kujitawala. Ramani iliyozidi hapo, hata ingekuwa nzuri namna gani, aliipa mgongo.

Nilimuuliza siku moja kwa nini Amerika, wakati yeye ni mtoto wa Unguja na ramani za zamani za pwani yetu zipo.

"Za kwetu zinaniliza," alisema. "Humu hamna mtu niliyemwacha."

Alitolewa Unguja mdogo, yeye na mama yake na dada yake, wakati watu walipokuwa wanaondoka na kile tu walichoweza kubeba. Zaidi ya hapo hakunihadithia. Na mimi ni mtu wa Tanga, nilikuja Dubai kumsaidia shangazi yangu, nikaolewa hapa. Unguja yake sikuiona. Lakini mdomo wangu haukuwahi kukaa kimya, basi nikamwonyesha pembe ya ramani moja ambapo Wazungu wamekaa kando ya mapipa ya tumbaku na mtu mweusi nusu uchi anawaletea kinywaji. "Na huyu?" nikasema. "Huyu hakuacha mtu?" Aliirudisha ramani drooni, na chakula cha usiku ule alikula akitazama sahani.

Ramani zilikuwa na chumba chao na kabati lao lenye droo pana, na kiyoyozi chao kisichozimwa. Kila Ijumaa nilifukiza nyumba nzima udi, kama nilivyofundishwa na mama mkwe wangu, isipokuwa chumba kile. Moshi unaharibu karatasi. Nyumba nzima inanukia, nilimwambia, isipokuwa kwa mke mwenza; sijui unampendea nini mwanamke asiyefukizwa. Ndipo akanifundisha kwamba karatasi ya zamani haikutengenezwa kwa mti. Ilikuwa nguo kuukuu: mashati, shuka, matambara, yakalowekwa yakapondwa mpaka yakawa uji, uji ukachujwa ukawa karatasi.

"Basi hizi ni kanga zako," nikamwambia.

"Ni kanga zangu," alisema, akafurahi sana. "Ila hizi hazikunjwi, na hazifukizwi."

Mama mkwe wangu alikuwa na sanduku la mbao lenye njumu za shaba alilotoka nalo Unguja. Ndani yake kanga zilikunjwa nne, zikafukizwa, zikawekewa karafuu dhidi ya nondo na asumini kwa harufu. Alipofariki sanduku lile likabaki chumbani kwetu. Nililifungua mara moja moja tu, nikimkumbuka.

Sasa nifike kwenye lililotukuta.

Kama tungekuwa tunaishi mji mwingine, ningegundua mapema. Lakini Dubai ya miaka ile ilikuwa inavunjwa na kujengwa kila siku. Barabara uliyopita asubuhi, jioni imefungwa. Mzunguko uliouzoea, leo daraja. Madereva wa teksi wenyewe walikuwa wakituuliza njia. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kuchelewa kutoka Jebel Ali, akisema amepotea, nilicheka na wenzangu. Mkaguzi wa makontena, mjuzi wa mito ya Carolina, anapotea kwenda kwake! Alinipigia simu kutoka Sharjah akiniuliza njia ya kuja Deira. Siku nyingine alisimamisha gari karibu na Naif, umbali wa kutembea tu, akawa anauliza wapita njia bandari iko wapi. Nilisema ni barabara. Kila mtu alisema ni barabara.

Kisha akapotea ndani ya nyumba, na humo hawakuwa wamejenga daraja lolote.

Daktari alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionivunja, maana daktari mwenye dawa huwa ana haraka. Alinieleza kwamba ugonjwa huu unakula kumbukumbu kuanzia mwisho, unarudi nyuma. Ya jana yataondoka kwanza, kisha ya mwaka jana, kisha ya zamani zaidi. Ya utotoni ndiyo yatakayobaki. Alisema kama anayenipa zawadi: mzee atabaki na utoto wake.

Nilikaa kwenye teksi nikapiga hesabu yangu. Utoto wake ulikuwa Unguja. Mimi sikuwemo Unguja. Mimi nilikuwa mwanamke wa Dubai, niliyeingia katika maisha yake na friji ambayo haikuletwa. Ugonjwa ukila kurudi nyuma, utanifikia, utanipita, na mume wangu atabaki upande wa pili akiwa mzima wa afya, mtoto wa mama yake, asiye na mke. Nililia mpaka dereva, kijana wa Kipathani, akanipa boksi lake zima la tishu. Alisema, "Khalas, mama, khalas." Sikuweza kunyamaza.

Hatukujaaliwa watoto. Hapakuwa na uso mwingine wa kumkumbusha wangu.

Basi nikashika ramani. Mimi niliyezipigia kelele miaka yote ile, nilizishika kama anayezama anavyoshika maji. Nilijiambia hivi: ramani hizi zote zimekuja ndani ya ndoa yetu. Hakuna hata moja ya kabla yangu. Maadamu anazijua ramani, anaijua nyumba zilimofikia, na nyumba hiyo nimo mimi, mlangoni, nimenuna. Nikaanza kumketisha kila siku baada ya Alasiri. Nanawa mikono, nakausha vizuri kama alivyonifundisha, natoa ramani, naiweka mezani.

"Hii ipi?"

"Maryland," anasema. "Angalia ghuba, kaichora mnene mno, kama mjamzito."

"Ilikuja lini?"

"Ulikuwa unakaanga samaki. Ulisema ikinuka samaki nisikulaumu."

Nilikuwa nambusu kichwa. Siku kama hizo nilikula vizuri na kulala.

Lakini siku zilipoendelea, majibu yakapungua tokea upande wangu. Mto alikuwa bado anaujua, samaki wa kukaanga hayumo. Kisha mto nao ukaanza kukosa jina. Nikawa mkali. Naona aibu kuyasema, lakini nilikuwa namkaripia kama mwalimu asiyelipwa: "Fikiri! Tazama vizuri! Unaijua!" Naye alikuwa ananitazama kwa macho ya kutaka kunifurahisha, akisema jina lolote lililomjia. Mungu wangu, niliomba, chukua Pennsylvania, chukua Carolina zote mbili, niachie mimi tu. Nilikuwa nafanya biashara na Mwenyezi Mungu kama watu wa soko la Naif.

Wifi yangu, dada yake, alikuwa akija kukaa naye asubuhi ninapokwenda kazini. Nilikuwa msaidizi wa mwalimu kwenye shule ya watoto wadogo. Wifi aliona ninavyojitesa.

"Muache apumue, wifi yangu," aliniambia. "Kila mara wamuuliza, wamuuliza. Hata kaburini watu huulizwa mara moja."

"Kwako rahisi," nikamjibu. "Wewe atakukumbuka mpaka mwisho. Wewe uko Unguja."

Akanishika mkono. Nilimwonea wivu hata huo mkono.

Katikati ya hayo akaja mgeni, Mwingereza mzee aliyekuwa akibadilishana ramani na mume wangu kwa posta. Alikuwa anapita Dubai, akaomba kuiona ile ya Virginia. Nilimvika mume wangu kanzu nyeupe na kofia yake ya viua, nikaomba dua zote ninazozijua. Na dua ikakubaliwa! Alipoiona ile ramani mbele ya mtu anayeipenda, akafunguka. Aliongea Kiingereza chake kizuri cha bandarini. Aliinua karatasi dhidi ya mwanga, wakatazama alama ya mtengenezaji iliyojificha ndani yake. Alieleza milima, bahari ya uongo, na watu walioteketea wakiitafuta. Mzee wa Kiingereza alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. Nilisimama mlangoni na sinia la kahawa na halua, machozi yananilengalenga. Nilisema moyoni: karudi. Daktari hajui kitu.

Mgeni akanigeukia akauliza kwa adabu kama na mimi ninapenda ramani.

Mume wangu akamjibu kwa niaba yangu. "Huyu bibi ananisaidia hapa nyumbani," alisema. "Mtu mwema sana. Sijui ametokea wapi."

Niliweka sinia mezani. Nikamimina kahawa, nikampa mgeni, nikampa mume wangu, akanishukuru. Kwenye droo iliyoachwa wazi mbele yangu ilikuwapo ile ramani yenye mapipa ya tumbaku. Sikutaka kuitazama. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji, likatiririka bure mpaka mgeni alipoaga.

Baada ya hapo niliendelea tu, kwa ubishi. Kila Alasiri, ramani mezani. Nilibaki na moja, ile ya kwanza, maana nyingine zilikuwa zimeshatoka kichwani mwake. Na ile ya kwanza aliijua kwa bahari yake tu. Alikuwa anaweka kidole juu ya milima, anasema, "Nyuma hapa kuna bahari." Namuuliza, "Na uliinunua ulipokwenda kununua nini?" Anacheka kwa heshima. Hajui. Namwambia, "Friji!" Anarudia, "Friji," kama mtoto anayefundishwa neno la kigeni. Nami najiambia milima tu ndiyo mirefu, kesho tutafika.

Ikafika Ijumaa moja. Shule ilikuwa imefungwa, lakini nilikwenda msibani Al Qusais asubuhi, nikamwacha na wifi. Niliporudi baada ya sala, nilipofika ghorofa ya kwanza nikasikia harufu ya udi. Ghorofa ya pili ikazidi, na karafuu ndani yake. Wifi alinifungulia mlango, uso umechanua kama siku ya arusi.

"Wifi, Alhamdulillahi! Kajikumbuka!" alisema. "Asubuhi kanijia mwenyewe, kanambia leo Ijumaa, nipe chetezo nifukize. Kanitaka makaa, kanitaka udi, kanitaka karafuu. Kanituma na asumini, nikashuka kwa Wahindi. Hajawahi kusema maneno mengi hivi toka Ramadhani. Yumo ndani, nimemuacha na raha yake."

Simlaumu. Katika nyumba yao, mwanamume anayeijua Ijumaa akaomba udi ni mtu mwenye akili timamu. Hata mimi, kwa muda wa kuvua viatu tu, nilifurahi.

Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka katika chumba cha ramani. Kiyoyozi kimezimwa, madirisha yamefungwa, moshi umetanda kama ukungu. Chetezo mbele yake kinatoa cheche. Droo zote zilikuwa wazi, tupu. Sanduku la mama yake alilikokota kutoka chumbani, na ndani yake, zimekunjwa nne nne, kona kwa kona, zimepangwa vizuri sana, zilikuwamo Maryland, na Pennsylvania, na Carolina zote mbili, na kila tabaka limenyunyiziwa karafuu na asumini mbichi. Mafuta ya karafuu yalikuwa yameshaanza kuchora madoa. Mkononi alikuwa na Virginia, anaipitisha juu ya moshi, upande huu, upande huu, kama mama mkwe alivyokuwa akifanya na kanga mpya.

"Unafanya nini!" nilipiga kelele ambayo bila shaka mtaa mzima uliisikia. "Unafanya nini wewe, ramani zako! Ramani zako hizi!"

Aliruka. Akaificha ile karatasi nyuma ya mgongo, akaniangalia kwa woga wa mtoto aliyekamatwa.

"Mama kasema tufunge mizigo," alisema. "Kasema tuchukue kanga zake tu. Vyengine vyote tuviache."

Wifi nyuma yangu alishika mlango. Alikuwa anajua ni siku gani hiyo ya Unguja. Alianza kulia bila sauti, akaondoka akaenda kukaa jikoni.

Nilipiga magoti mbele yake. Nikamnyang'anya Virginia, nikaikunjua. Alikuwa ameshaikunja kabla ya kuifukiza, na karatasi ilikuwa imekatika kwenye kunjo, katikati ya milima. Bahari imebaki upande wake. Nikamwekea mbele ya macho.

"Hii ipi?"

Aliitazama kama unavyotazama nguo ya mtu mwingine. "Kanga," alisema.

"Nyuma ya milima kuna nini?"

Akaipangusa kwa kiganja, kama anayenyoosha nguo.

"Nitazame mimi basi. Nitazame usoni. Mimi nani?"

Alinitazama. Sitasahau alivyonitazama, kwa bidii kabisa, kipaji kimekunjamana, anatafuta kweli. Alinitafuta kila mahali alipokuwa na mahali. Nilishika mikono yake yote miwili, inanuka karafuu, nikawa nasema, tafadhali, mume wangu, tafadhali. Sikuwa na kitu kingine cha kumwambia.

"Samahani, bibi," alisema mwisho, kwa adabu. "Sikujui."

Nikamwachia mikono.

"Huna mtu wa kukuchukua?" aliniuliza.

"Nilikuwa naye," nikasema.

Kisha akageuka kutazama mlango, kama anayehofia kusikiwa, akanong'ona, "Twende na sisi. Mama hatokataa."

Akaichukua ile ramani mikononi mwangu. Akaipiga mtikiso mmoja kama unavyokung'uta kanga, ile mipasuko ikaongezeka, akanizungushia mabegani polepole, akavuta pembe mpaka ikakutana kifuani. "Jitande," alisema. "Melini pana upepo."

Akafunga sanduku, akakaa juu yake, akanipigia pembeni kwa kiganja nikae. Nikakaa. Karatasi ilikuwa inalia shingoni mwangu kila nilipopumua, na ilinuka udi, ile harufu aliyoikataza miaka yote ndani ya chumba hicho. Tulikaa hivyo tukitazama mlango. Mimi nilikuwa nalia, yeye alikuwa ametulia kabisa.

Baadaye akanigusa kiwiko.

"Sogea kidogo, bibi," alisema. "Na mama akae."

Nikasogea.